Aliyeguswa Anasema Mwenyewe

Ukitaka kumcheka mtu mzima mpaka mbavu zikuume, mpe watoto kumi na wanane wa miaka sita na saba, halafu umwambie awafundishe besiboli. Mulamba aliifanya kazi hiyo pale Rumonge, mji wa Warundi kando ya ziwa, miaka kumi, kila Jumamosi alasiri, na kila Jumamosi alasiri watu walikaa kando ya uwanja wakimcheka. Hakujali hata kidogo. Alikuwa fundi wa ngafi, yale makasia mafupi ya mitumbwi ya ziwani, mtu aliyefiwa na mke akavuka peke yake kutoka upande wa Kongo mwaka wa sitini na moja. Nyumba yake ilikuwa kimya siku sita za wiki, na kelele za siku ya saba zilimtosha.

Mchezo wenyewe aliuleta pasta mmoja Mmarekani, mwaka ule wa Uhuru, wakati bendera mpya bado zina mikunjo ya kabatini. Pasta alikaa miaka mitatu akaenda zake. Aliacha glovu moja ambayo panya waliila, na kanuni zote kichwani mwa Mulamba.

Na kanuni zilikuwa rahisi, maana walengwa wenyewe walikuwa hawajui hata kufunga vifungo vya shati. Mtoto mdogo harushiwi mpira. Ukimrushia ataumia au atalia, na mara nyingi vyote viwili. Mpira unawekwa juu ya kigingi kinachomfikia kiunoni, naye anaupiga kwa gongo la mti ukiwa umetulia. Kigingi cha Mulamba kilikuwa kipande cha shina la mchikichi, juu yake pete ya kamba. Vituo vya kukimbilia vilikuwa magunia ya ndagala yaliyojazwa mchanga, yananuka samaki hata baada ya mvua mbili. Kwenye kila gunia alisimama mzazi mmoja wa kupiga kelele, "Kimbia! Si huko! Huku!" kwa sababu mtoto akishapiga mpira hufurahi mno, akakimbilia kwa mama yake. Wengine walikimbia na gongo mkononi, na hilo lilikatazwa kabisa: gongo chini kwanza, ndipo miguu. Kila mtoto anapiga. Mabao hayahesabiwi. Mpira ukitoka, timu nzima inaukimbilia, watoto tisa juu ya mpira mmoja, na vituo vyote vinabaki na wazazi tu.

Refa hakuna. Pasta alisema ukiweka refa, wazazi watagombana naye badala ya kuangalia watoto wao. Hapo ndipo Mulamba akaongeza kanuni yake mwenyewe, akaipenda kuliko zote: ukiguswa na mpira ukiwa katikati ya vituo, hungoji mtu akushitaki. Unainua mkono, unasema "Nimeguswa," unakwenda kukaa kwenye gogo lililolazwa kando ya uwanja mpaka zamu yako izunguke. Aliyeguswa anasema mwenyewe. Watoto waliifanya wimbo, wakaiimba hata nyumbani kwenye mambo yasiyohusiana. Sukari ikipungua, mmoja anainua mkono: "Nimeguswa!" Mama zao wakamshukuru Mulamba kwa hilo.

Mipira ilikuwa kazi ya Nasoro. Huyu alikuwa fundi wa nyavu, Mwislamu, mzaliwa wa palepale Rumonge, yeye na baba yake. Alikata ukanda wa mpira wa ndani wa baiskeli, akauviringisha, akauzungushia uzi wa nyavu, akaushonea ngozi ya mbuzi. Mulamba alichonga magongo kwa mvule uleule wa ngafi. Alikuwa na tisa, mengine yana umri wa miaka minane, yameng'aa kwa mikono ya watoto. Alikuwa akiyapaka mawese kila mwisho wa mwezi, moja moja, na Nasoro hakuacha kumtania.

"We Mukongomani," Nasoro alisema, "haya magongo unayapenda hivi, utayaoa lini?"

"Siku ile wewe utashona mupira hauna kibyongo."

"Hiki kibyongo? Hiki ndicho kinaufanya mupira uwe na akili!"

Basi hao ndio walikuwa marafiki. Mtoto wa Nasoro, Batuli, miaka saba, ndiye aliyekuwa anapiga mpira mbali kuliko wote, akirukaruka mguu mmoja kama ameungua.

Sasa sikia. Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa nne, mwaka wa sabini na mbili, walicheza kama kawaida. Jioni ileile watu wenye mapanga waliingia, na watu wakafa. Halafu wakaja askari, na watu wakafa zaidi. Warundi wameipa miezi ile jina moja tu, ikiza, balaa kwa lugha yao, na mimi sitaiongezea jingine. Mulamba alijifungia ndani. Ilikuwa inasemwa kwamba miongoni mwa wale wenye mapanga walikuwamo Wakongomani, na yeye kila akifungua mdomo, Kongo yote ilitoka.

Siku ya kumi, alasiri, Sylvestre alipita mlangoni kwake. Huyu alikuwa planto, mtu wa kubeba barua pale komini, ofisi ya serikali, na aliwahi kusimama kwenye gunia la pili wakati mwanawe anacheza. Hakuingia ndani. Aliinama kama anafunga kamba ya kiatu.

"Kesho askari wanapekua kartie yenu, mtaa mzima," alisema. "Nyumba kwa nyumba. Zile rungu zako za watoto, zichome leo. Zote. Usiache hata moja."

"Si rungu, Sylvestre. Weye unajua."

"Mimi najua. Wao hawajui. Choma."

Mulamba aliwasha moto. Hilo aliliweza. Alileta magongo yote tisa, akakaa mbele ya moto, akalishika la kwanza, lile dogo alilomchongea mtoto wa mvuvi mmoja mwaka wa sitini na nne, na mkono ukakataa. Ngafi mtu anakuagiza, unachonga, anaondoka nayo. Haya magongo yalikuwa kitu pekee alichokichonga kikabaki kwake. Alikaa mpaka moto ukaanza kufa. Kisha akayafunga kwa kamba, akayafunika na gunia, akayabeba kwa Nasoro, nyumba ya tatu kutoka kwake.

Je, alijua anachofanya? Alijua! Nisimsafishe. Njiani alijiambia kwamba Nasoro ni mzaliwa, kwamba nyumba ya Mwislamu mtulivu haitapekuliwa sana, kwamba askari wanatafuta wageni. Alijiambia mambo yote ambayo mtu hujiambia miguu ikiwa imeshaamua.

"Baba Batuli," alisema mlangoni, "stoo yangu inavuja. Nitunzie haya siku mbili, yasioze."

Nasoro alimwangalia, akaangalia mbingu, ambayo ilikuwa kavu, akapokea mzigo. "Sawa, ndugu yangu. Weka moyo chini."

Asubuhi yake wakaja. Kwa Mulamba walipindua kitanda, wakamwaga unga wa muhogo, wakauliza karatasi zake, hawakuona kitu, wakatoka. Akawafuata kwa mbali, hakujua kwa nini, akasimama nyuma ya kinu cha kukamulia mawese pamoja na majirani. Kwa Nasoro walikaa kidogo tu. Walitoka na mzigo ule, gunia limevuliwa, magongo tisa yaking'aa mawese kwenye jua.

"Tisa!" askari mmoja alisema. "Ni ya nani?"

"Ni yangu," Nasoro alisema. "Ya watoto. Ya mupira."

"Mupira gani unachezwa na rungu?"

Wakacheka. Walijua mpira mmoja tu, ule wa miguu. Na Mulamba, nyuma ya kinu, alikuwa na mpira wa besiboli mfukoni mwa koti, ule wenye kibyongo. Ilikuwa hatua ishirini. Angetoka, angeuweka mpira juu ya jiwe, angechukua gongo moja akapiga, na hata mjinga angeelewa. Au wasingeelewa, wangemchukua na yeye. Alikuwa ameushika mpira ule mfukoni mpaka vidole vikamuuma. Nasoro aligeuza shingo, macho yake yakampita Mulamba kama yanavyompita mtu asiyemjua, yakaenda mbele. Akapandishwa kamio, lori la askari. Biasha, mke wake, alikuwa ameanguka kizingitini, majirani wanamshika. Batuli alikuwa amesimama wima pembeni ya mama yake, naye alikuwa anatazama kinu.

Nasoro hakurudi. Hakuna aliyerudi kwenye kamio zile.

Sasa ungedhani Biasha angemchukia Mulamba. Kama angemchukia, ingekuwa nafuu! Mtu akikutukana, unajua pa kuweka uso. Lakini Biasha, baada ya wiki tatu, akaanza kumpelekea chakula. Kila Ijumaa baada ya sala Batuli alikuja na sahani ya bati iliyofunikwa: ugali wa muhogo, ndagala wa mawese, pilipili pembeni. Mwanamke ambaye mwenyewe alikuwa anauza visheti barabarani ili ale. Majirani walimwambia akae eda. Yeye akajibu, nitakaaje eda na mtu sikumzika? Na bado Ijumaa sahani inakuja.

"Mama anasema ukimaliza, ulete sahani mwenyewe," Batuli alisema kila mara.

"Mwambie murakoze sana. Leo nina kazi. Chukua tu wewe ile ya juma lililopita."

Alikula kile chakula. Ndiyo, alikula, maana kukitupa ilikuwa dhambi ya pili. Usiku hakulala, mchana ngafi ziliharibika mkononi. Alichonga moja upande mmoja mzito, aliyeiagiza akairudisha, akisema inazungusha mtumbwi kama kuku aliyekatwa shingo. Aliwaza kuvuka arudi Kongo. Aliwaza kwenda kumwambia Biasha: shemeji, stoo haikuvuja, niliambiwa, nilijua. Mara tatu alifika mpaka kwenye kinu. Mara tatu akakumbuka kwamba ana kiu, akarudi kunywa maji.

Mwezi wa nane sahani ilikuja na ujumbe mwingine.

"Mama anasema uanze tena mupira," Batuli alisema. "Anasema watoto wanakaa bure."

Angemkatalia vipi? Alichukua ngafi moja iliyopasuka, akachonga gongo jipya, moja tu. Mpira alikuwa nao mmoja, ule wa mfukoni. Jumamosi hiyo akajaza magunia mchanga, akasimamisha kigingi, akasubiri. Walikuja watoto kumi na mmoja. Wengine walikuwa wamevushwa Kigoma, wengine Kongo, na wengine mama zao hawakutaka kuwatoa nje. Wazazi wa kusimama kwenye magunia walikuwa wanawake tu. Hakuna aliyecheka. Watoto walipiga mpira bila kelele, wakakimbia vizuri, bila kupotea njia hata mmoja, na hilo lilimuuma Mulamba kuliko kama angewakuta wanalia.

Zamu ya Batuli ikafika. Alipiga, mpira ukaenda mbali, akaweka gongo chini kama alivyofundishwa, akakimbia. Kati ya gunia la pili na la tatu mvulana mmoja mnene, Cikuru, akamfikia na mpira akamgusa mgongoni, paa! Uwanja mzima ulisikia. Batuli hakuinua mkono. Alikimbia mpaka gunia la tatu, akasimama juu yake.

"Ameguswa!" Cikuru alilia. "Mwalimu, nimemugusa!"

"Sikuguswa," Batuli alisema.

Watoto wakaanza wimbo, kwanza wawili, kisha wote: aliyeguswa anasema mwenyewe, aliyeguswa anasema mwenyewe. Tangu aanze kucheza mtoto huyu hajawahi kudanganya. Alikuwa akiinua mkono hata akiguswa na kivuli cha mpira. Mulamba alikwenda mpaka gunia la tatu, akachuchumaa mbele yake.

"Batuli, mama," alisema taratibu, "unajua kanuni yetu."

"Najua."

"Inasemaje?"

Mtoto alimwangalia usoni. Hakuwa na hasira. Alikuwa anauliza, kama watoto wanavyouliza kwa nini ziwa halijai.

"Siku ile kwenye kinu," alisema, "kwa nini wewe haukuinua mukono?"

Wenzake hawakusikia, wimbo ulikuwa bado unaendelea. Mulamba akasimama, akawaambia wale mama waendelee na mchezo, akaenda kwake. Sahani ya jana ilikuwa mezani, imeoshwa. Aliichukua, akaishika kwa mikono miwili, akapita kinu bila kusimama.

Biasha alikuwa uani anakanda unga wa visheti, shangazi yake mzee amekaa mkekani karibu. Alipomwona Mulamba na sahani, mikono yake ilisimama ndani ya unga.

"Hodi, mama Batuli."

"Karibu, shemeji. Leo umeileta mwenyewe."

"Nimeileta." Hakukaa. Alijua akikaa ataomba maji, na akipewa maji atazungumzia mvua. "Stoo yangu haikuvuja. Sylvestre alikuja akaniambia wanapekua kesho, nichome magongo. Nikashindwa kuyachoma, nikayaleta hapa. Nilijua, mama Batuli. Na walipomchukua nilikuwa nyuma ya kinu, nina mupira mfukoni, na sikutoka. Nilimuona, naye aliniona, na sikutoka."

Shangazi alisema "Astaghafirullah" kwa sauti ndogo. Biasha alifuta unga vidoleni, kidole kimoja kimoja.

"Stoo yako," alisema, "nani aliezeka paa lake?"

Paa aliliezeka Nasoro, Ramadhani iliyopita, kwa mabati mapya, wakishindana nani anapigilia misumari vizuri.

"Ulipotoka tu aliniambia," Biasha aliendelea. "Akasema, Mulamba iko na woga, paa lile halivuji. Nikamwambia basi tupa ziwani hizo gongo zake, au mrudishie! Akasema, yule mugeni, zikikutwa kwake hatamaliza saa moja. Mimi wananijua. Mimi mutoto wa hapa. Akalala. Alilala usingizi kabisa, shemeji. Mimi ndiye sikulala."

"Ulijua?" Mulamba alisema. "Siku zote hizi ulijua, na unanipa chakula?"

"Nilikupa sahani. Sahani inarudishwa. Nilisema siku moja nitamuona mtu huyu mlangoni kwangu, aseme mwenyewe, nisimlazimishe. Wiki kumi na mbili, Mulamba! Kila Ijumaa nasema leo. Unamtuma mtoto!"

Hapo ndipo akalia, kwa mara ya kwanza mbele yake, na Mulamba naye akalia, wamesimama, sahani katikati yao. Shangazi aliinuka akaichukua sahani kabla haijaanguka.

"Nifanye nini?" Mulamba aliuliza. "Niambie, nitafanya."

"Sijui."

"Watoto wakiguswa wanakaa kwenye gogo, halafu zamu inazunguka, wanapiga tena. Mimi nikae mpaka lini?"

"Huo ni mchezo wa watoto," Biasha alisema. "Nasoro alikuwa na zamu moja. Ya kwako sijui kama inazunguka, na usiniulize mimi." Akarudi kwenye unga wake. "Umesema. Hilo nimelisikia. Sasa nenda, umewaacha watoto wa watu uwanjani."

Alirudi. Mchezo ulikuwa umeharibika kabisa: Cikuru analia, mama mmoja anagombana na mwenzake juu ya gunia la pili, watoto wawili wanakimbia kinyume. Batuli bado alikuwa amesimama palepale, juu ya gunia la tatu, hajashuka. Alimwona mwalimu anakuja kutoka upande wa kwao, akaona mikono yake mitupu, haina sahani.

Mulamba hakwenda kwenye kigingi. Alisimama katikati ya uwanja, akainua mkono wa kulia, juu, kama mtoto.

"Nimeguswa," alisema.

Watoto wakaangua kicheko. Mwalimu hakushika hata gongo, ameguswa na nini? Yeye akaenda kukaa kwenye gogo. Batuli aliendelea kumtazama. Kisha naye akainua mkono, akashuka kwenye gunia, akaja akakaa mwisho mwingine wa gogo, mbali naye kiasi cha watu watatu, wakangoja.

Ijumaa iliyofuata sahani haikuja.